Kiingereza cha Kichiwa

Mzee ninayemzungumzia hapa hakuwa na jina kwetu. Alikuwa Mwalimu, basi. Walimu wengine walipita pale kijijini kwetu Kichiwa wakaitwa kwa majina ya baba zao, wakahamishwa, wakasahauliwa. Yeye ukisema "Mwalimu" tu, hata mtu aliyelewa ulanzi akajilaza kando ya njia alijua umemtaja nani. Alifundisha Kiingereza. Alifundisha pia hesabu na kilimo, lakini hayo aliyafundisha kama mtu anayelisha ng'ombe wa jirani, kwa sababu ameombwa.

Nianze na koti, maana lenyewe ndilo lililotangulia kufika popote. Lilikuwa jeusi, limebadilika rangi mabegani, na alilivaa mwezi wa saba baridi inapokata masikio na mwezi wa kumi na moja jua linapochoma. Tuliamini kwamba Kiingereza kimo ndani ya koti. Siku aliyolivua ili kumsaidia jirani kumtoa ndama shimoni, watoto tulisimama mbali tukisubiri kusikia atasema kwa lugha gani. Alimwambia ndama maneno ya Kibena, ya upole kabisa, ambayo hatukuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwake. Kisha akavaa koti lake akatuuliza kwa Kiingereza tunatazama nini.

Kibena darasani kilikuwa na kibao chake. Kilikuwa kipande cha ubao wa mti wa mwati kilichotobolewa na kutiwa kamba, na aliyeteleza akasema Kibena alikivaa shingoni mpaka amsikie mwenzake akiteleza naye. Mimi nilikivaa sana, kwa sababu nilikuwa msemaji. Kilinuka magome, na hata leo nikipita ghalani Makambako, ninakofanya kazi ya ukarani kwenye mbao, harufu ile ikinijia naangalia kwanza nani yuko karibu kabla sijafungua mdomo. Lakini Jumapili kanisani Mwalimu yuleyule alisali kwa Kibena, kwa sauti, macho amefumba, na machozi yakimtoka. Nyumbani mbwa wake alijua Kiingereza kuliko sisi: "Sit down", anakaa, "Go out", anatoka. Mungu alipewa Kibena na mbwa akapewa Kiingereza, sisi watoto tukabaki katikati na kibao shingoni.

Usidhani alikuwa kibaraka wa Waingereza. Hakuna mtu niliyewahi kumsikia akiwasema vibaya kama yeye. Alikuwa na somo moja alilolitoa kila mwaka, halimo kwenye kitabu chochote. Anaandika ubaoni neno "number", halafu chini yake anaandika "manamba". Anatueleza jinsi wanaume wa Ubena walivyokusanywa kwenda kukata mkonge huko Tanga, na kila mmoja akapewa namba, akaitwa kwa hiyo namba mpaka arudi, kama alirudi. "Kiingereza kilituita namba kabla hakijatuita jina," anasema. Halafu anaandika "wattle" na chini yake "miwati", anatuonyesha dirishani ile miti iliyojaa vilimani, anasema hata mti ulipandwa hapa kwanza kama neno. Tukishaelewa, tukishakasirika kidogo, anafuta ubao anasema: sasa jifunzeni hiyo lugha, mwitumie kuwauliza kwa nini. Nilikuwa mdogo lakini niliona kwamba ana hasira na kitu kilekile anachokipenda, na nilimpenda kwa hilo.

Sharti lake lilikuwa moja: kwenye Kiingereza usibahatishe. Ukimwuliza neno, hakujibu nusunusu. Ukijibu wewe "inategemea", anakupigia meza. "Kiingereza hakina inategemea!" Msemo huo ulienea kijijini. Wanaume wakibishana bei ya viazi, mmoja akianza kuzungukazunguka, wenzake walimkatiza: bwana, Kiingereza hakina inategemea.

Sasa nisimulie neno lenyewe, maana bila hilo huyu mtu humwelewi.

Kila kipindi kilipokwisha, Mwalimu alisimama mlangoni, akaweka mkono mmoja mfukoni mwa koti, akauliza: "What have you become today?" Sisi, darasa zima, kwa sauti moja: "We have become knowledge, sir!" Alikuwa anatuuliza tumepata nini leo. Nasi tulikuwa tukijibu kwamba tumepata maarifa. Kwa Mwalimu, na kwa sisi sote aliotufundisha, become ilikuwa kupata. Mama amepata barua: mother has become a letter. Nimepata mafua, umepata wageni, wamepata mvua, vyote hivyo kwa become. Kichiwa nzima, kila aliyepitia mikononi mwake alisema hivyo, na kwa kuwa wanafunzi wake nao walizaa na kufundisha wanao, ilifika mahali mama aliyeuza maparachichi barabarani aliweza kumwambia mzungu aliyesimamisha gari, "Become avocado, mister." Kwamba mzungu alicheka, tulidhani ni furaha.

Utauliza ilikuwaje kosa kubwa namna hiyo likaishi. Liliishi kwa sababu vitabu havikulikanusha. Kitabu kikisema mtu fulani "became king", Mwalimu alitueleza kwamba alipata ufalme. "He became a doctor", alipata udaktari. Hata kanisani, Neno alipofanyika mwili, tulielewa kwamba alipata mwili. Kila sentensi iliingia vizuri kwenye tundu lisilo lake. Kiswahili chetu ndicho kilichofunika kosa.

Alilitoa wapi? Nililijua hilo baadaye, nilipopelekwa kusoma kwa masista wa kanisa letu la Kilutheri Njombe mjini. Insha yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Sista aliyenifundisha, Mkinga wa kutoka Matamba, hakunicheka; aliuliza tu, "Wewe umetoka kwa nani?" Lakini kulikuwa na sista mwingine, mzee wa Kijerumani aliyetunza bustani, alipoonyeshwa ile karatasi aliketi kwenye ukingo wa tuta la karoti akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akanieleza kwamba kwao lipo neno linalofanana na become kama mapacha, na maana yake ni kupata. Akasema, "Huyo mwalimu wako alifundishwa na Mjerumani."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu mwenyewe alitusimulia mara nyingi, kwa fahari, habari za mmisionari wake mwenye ndevu aliyemfundisha Kiingereza kwenye shule ya misheni. Nchi ilikuwa imeshatoka zamani kwa Wajerumani ikaenda kwa Waingereza. Mabwana walibadilika ila wamisionari wengine walirudi kwenye makanisa yao, wakakuta sasa lazima wafundishe lugha ya yule aliyewashinda. Wakafundisha walichokuwa nacho. Mtu asiyejua Kiingereza vizuri alimfundisha mtu asiyejua kwamba mwenzake hajui, huyo naye akatufundisha sisi, kwa fimbo na kwa kibao. Nimejaribu kutafuta wa kumkasirikia katika mlolongo huo sikumpata. Hasira yangu haina mlango wa kubisha.

Na hatukuwa peke yetu. Kule upande wa Wakatoliki, walikofundisha mapadre Waitaliano, Kiingereza kilikuwa kinaimbwa. Alikuwapo mwalimu mstaafu wa Mawengi, Mkatoliki, aliyekuja Kichiwa kuoza binti yake. Watu wakawaweka yeye na Mwalimu wetu meza moja, kijiji kizima kikasogea kusikiliza wasomi wakizungumza. Wa kwao alikuwa akiweka mkia wa irabu kwenye kila neno, wa kwetu alikata maneno kama kuni. Waliongea muda mrefu, wakiinamiana, wakitikisa vichwa. Hakuna aliyemwelewa mwenzake hata kidogo, nililiona hilo mimi niliyekuwa nagawa chai. Walielewana walipofika kwenye mbolea, kila mmoja na lugha ya kwao, Kibena na Kipangwa. Lakini baadaye Mwalimu alisema, "Yule bwana ana Kiingereza, ila kimeharibiwa na Roma."

Mwalimu alikuwa na binti mmoja, Upendo, rika langu. Mkewe alifariki mapema, na huyu binti alimlea mwenyewe, kwa mikono yake, kwa kumpikia na kumsuka nywele. Na alimlea kwa Kiingereza. Nyumba ile ilikuwa ya Kiingereza kuanzia salamu ya asubuhi mpaka sala ya kulala. Kibena Upendo alikisikia kwa majirani, akakijua cha kununulia chumvi tu. Bibi zake walipomsemesha alitabasamu kama mgeni. Sisi wengine tulipopelekwa sekondari za mbali, Mwalimu alimbakiza katika sekondari ya kata. "Kiingereza anacho tayari," alisema. "Hayo mengine yapo popote." Na huko kata, tusidanganyane, walimu walisoma notisi kwa Kiingereza wakazieleza kwa Kiswahili, wala hakuna aliyemsahihisha mtu.

Watu wa kijijini waliamini Upendo ndiye atakayefika. Mimi nilikuwa mkaidi, mwenzangu alikuwa na adabu na kichwa chepesi. Jambo moja tu Mwalimu alilitaka duniani: kumwona binti huyo amekaa ofisini anaongea Kiingereza na watu waliokuja na ndege. Hakuficha. Alilisema hata kwenye misiba.

Siku ikafika. Kampuni ya maparachichi, ya wageni, ilifungua ghala la kufungashia na kutafuta makarani. Usaili ulifanyika Makambako, kwenye ukumbi wa kukodi. Mwalimu alimpigia pasi Upendo gauni kwa mkono wake, kwa pasi ya mkaa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya mbao, nikatoroka ghalani kwenda kumsindikiza, nikakaa nje chini ya dirisha. Walikuwa watatu mezani: mzungu mmoja, mama mmoja aliyekuwa akiandika, na kijana wa kutoka Dar es Salaam mwenye saa kubwa.

Wakamwuliza kwa nini anataka kazi ile. Nilimsikia Upendo akivuta pumzi. Halafu kwa ile sauti ya baba yake, kila neno limekatwa sawasawa, akasema:

"I want to become this work, so that my father can become rest."

Nataka kupata kazi hii, ili baba yangu apate kupumzika. Sikuwahi kusikia jibu zuri kuliko hilo, na silisemi kwa upendeleo. Yule mzungu aliinamisha kichwa kama anayetafuta maana. Aliyecheka wa kwanza ni yule kijana wetu. "Anataka awe kazi!" alisema kwa Kiswahili, akipiga paja. "Na baba yake awe mapumziko! Dada, nani kakufundisha Kiingereza hiki?"

Upendo akajibu, "My father, sir."

Hapo ndipo wote watatu walipocheka.

Alitoka nje akanishika mkono. Hakulia. Aliniuliza maana ya become, nikamwambia. Utauliza kwa nini sikumwambia zamani. Nilimwambia, wakati wa likizo, akasema baba hawezi kukosea, tukakosana wiki nzima. Lakini siku ile hakutaka hata kukumbuka hilo. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, gauni lake la pasi juu ya vumbi, akawa anazirudia sentensi zake za utotoni moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, akizigeuza. Mama amekuwa barua. Umekuwa wageni. Tumekuwa maarifa. Kila akigeuza moja alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba anayolala ni ya mtu mwingine.

"Usimwambie baba," alisema. "Atakufa."

Hakurudi Kichiwa. Alibaki Makambako, na mpaka leo yupo pale yanaposimama mabasi ya Mbeya na Songea, anapandisha ndoo ya viazi na mahindi ya kuchemsha kwenye madirisha. Hanung'uniki. Anauza kwa Kiswahili cha mabasini, cha haraka. Abiria akimjaribu kwa Kiingereza anageuza uso. Baba yake alimtumia watu, akatuma salamu, akamtuma mchungaji. Upendo alimpelekea sukari, sabuni, sweta, mwenyewe hakwenda. Aliniambia, "Nikifika ataniuliza, what have you become. Nitamjibu nini?"

Na Mwalimu hakujua kwa nini. Hilo ndilo lililomla. Alijitengenezea sababu: walimwonea wivu Kiingereza chake, walitaka rushwa, walitaka kabila lao. Kila nilipokwenda kumsalimu alinieleza sababu mpya. Halafu, miaka ilivyokwenda, akaacha kueleza. Alianza kunyamaza kwa lugha zote. Mbwa alikufa, hakutafuta mwingine. Shule ilipata walimu vijana wenye simu, nao walimwita mgeni rasmi mara moja, wakamsikiliza akihutubia, wakatazamana. Hawakumwalika tena.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilikwenda Kichiwa. Ukungu ulikuwa haujaondoka ingawa ilikuwa saa tano. Nilimkuta jikoni, anaota moto wa mwati, koti juu ya blanketi. Nilifungua mdomo kusema "Good morning, sir", kama nilivyofanya maisha yangu yote.

"Kamwene," akasema yeye, salamu ya Kibena.

Nilishtuka, nikaangalia nyuma kama kuna anayeshika kibao. "Kamwene, Mwalimu."

"Kaa, nyalukolo."

Nikakaa. Nyalukolo, ndugu yangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Alichokoa moto muda mrefu, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Binti wa mchungaji alikuja likizo. Yule anayesoma shule ya Kiingereza Njombe. Nikamwuliza swali letu."

"Akajibuje?"

"'I have become tall, sir.'" Alinitazama. "Nimepata mrefu? Mtu anapataje mrefu? Nikadhani mtoto hajui. Nikamwuliza kwa Kiswahili. Akasema, babu, nimekuwa mrefu. Nimekuwa." Akasukuma ukuni motoni. "Wewe ulisoma kwa masista. Become ni kupata au ni kuwa?"

"Mwalimu, inategemea..."

"Kiingereza hakina inategemea."

Hakupiga meza. Alilisema polepole, kama anayenikumbusha deni la mtu mwingine. Nikasema, "Ni kuwa."

Aliitikia kwa kichwa. Moto ulilia kidogo. "Upendo anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya usaili."

"Nitajie alivyosema. Neno kwa neno."

Nilitamani nikatae, lakini mbele ya mtu yule sikuwahi kuweza kukataa swali. Nikamtajia. Akaifasiri mwenyewe, taratibu, akihesabu maneno kwa vidole: nataka niwe kazi hii, ili baba yangu awe mapumziko. Alirudia mara ya pili. "Wakacheka," alisema.

"Walicheka."

"Wakamwuliza nani kamfundisha."

"Walimwuliza."

"Na yeye akaninyamazia miaka yote hii."

"Alisema ukijua utakufa."

"Sijafa," alisema, kama anayelalamika.

Nikamwambia nitamleta. Nikamwambia Jumapili hii, nitamkamata mkono nimpandishe gari mwenyewe, wakae hapa motoni yaishe. Nilisema mengi, nadhani, maana nilikuwa nalia na nilitaka sauti yangu ifunike kilio.

"Akija nitamwambia nini?" aliuliza. "Pole? Pole ya Kiswahili hata kondakta anakupa. Ya kwetu ya kumshika mtu moyo ni ya Kibena, na Kibena sikumpa. Nilimnyima kwa mkono wangu. Nikampa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe si Kiingereza." Alitazama mikono yake iliyomsuka nywele mtoto yule. "Nimemwachia lugha gani, wewe? Mtoto wangu anaota kwa lugha gani?"

Nilimwongezea kuni, nikamfunika miguu, nikasimama niwahi gari la Makambako. Nilipofika mlangoni nilimsikia akijiinua nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amesimama, mkono mmoja mfukoni mwa koti, kama zamani, na mazoea yakamtoa maneno kinywani kabla hajayazuia:

"What have you become..."

Neno la mwisho halikutoka. Mdomo wangu ulikuwa tayari na jibu la darasa zima, nikalimeza. Alikuwa amelisikia swali lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, kama wanavyolisikia wenye lugha yao, umekuwa nini, na nilipomtazama machoni niliona kwamba hakuwa akiniuliza mimi.